Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni: Nilale au Nitembee?

SWALI: Nina umri wa miaka 46, naishi Kibosho, Moshi Vijijini, na kazi yangu ni shamba pamoja na kukata majani ya ng'ombe, ambayo hupanda nayo mlima hadi nyumbani. Kwa wiki mbili sasa maumivu yananianzia kiunoni, yanapita kwenye kalio la kulia na kushuka nyuma ya paja mpaka mguuni, kama umeme. Majirani wamenishauri nilale chali juu ya ubao mwezi mzima, na mmoja ananisihi nikachuliwe kwa nguvu. Nifanye nini nikiwa nyumbani? – Msomaji, Kibosho

JIBU: Pole sana, mama. Maelezo yako yanaelekeza kwenye neva ya siatiki, iliyo ndefu na nene kuliko neva zote mwilini, ambayo mizizi yake hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ikapita ndani ya kalio na kushuka hadi unyayoni. Mara nyingi mzizi huo hubanwa na diski, yaani gegedu lililo kati ya pingili na pingili, linapojitokeza nje ya nafasi yake. Ndiyo maana unaumwa mguuni ilhali chanzo kiko kiunoni, na kuuchua mguu kwa nguvu hakukifikii chanzo hicho.

Ubao nakuomba uuache. Watu wengi wenye tatizo hili hupata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 6 bila upasuaji, lakini kulala kutwa hudhoofisha misuli inayoushika mgongo na kuchelewesha nafuu hiyo. Siku maumivu yanapokuwa makali, pumzika kwa muda mfupi, kisha inuka utembee hatua chache uwani, mara nyingi kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo. Usiku lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti, au lala chali na mto chini ya magoti. Unaweza pia kulala kifudifudi dakika chache, halafu ukajiinua taratibu kwa viwiko. Maumivu yakihama kutoka mguuni kurudi juu kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo, hiyo ni dalili njema na unaweza kuendelea. Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo mara moja.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, ikiwekwa kiunoni, hulegeza misuli iliyokakamaa. Usiiweke mahali penye ganzi, kwa sababu utaungua bila kujua. Kuhusu dawa, ibuprofeni huwasaidia baadhi ya watu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asiitumie kabla ya kumwuliza mtaalamu. Sindano ya kalio inayochomwa mtaani na mtu asiye na ujuzi ninaipinga kabisa, kwa kuwa ikikosewa mahali inaweza kuijeruhi neva hiyohiyo inayokutesa.

Majani ya ng'ombe ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi, kwani najua ng'ombe wa bandani hawezi kusubiri mwezi mzima. Omba wanao au jirani wakubebee kwa sasa. Ukianza tena, gawa mzigo uwe vifurushi vidogo, kunja magoti unapouinua, na usiuzungushe mwili ukiwa umeinama.

Yapo mambo yasiyotibiwa nyumbani. Ukishindwa kukojoa, ukatokwa na mkojo au choo bila kujizuia, ukafa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe Mawenzi au KCMC, wala usingoje kuche, maana kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Nenda pia mapema ikiwa unyayo unaburuzika unapotembea, au maumivu ya mgongo yanaambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Bila dalili hizo, na maumivu yakipita wiki 6, omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

SWALI: Naendesha Kosta kati ya Arusha na Moshi, na kalio la kulia hufa ganzi nikikaa muda mrefu. Je, ni ugonjwa huo? – Dereva, Arusha

JIBU: Inawezekana, ndugu, lakini kwanza toa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kwa kuwa kuikalia safari nzima huweza kuibana neva ya siatiki kalioni. Sogeza kiti ili usiifuate klachi kwa kujinyoosha, na abiria wanaposhuka Boma Ng'ombe, shuka nawe ujinyooshe. Ganzi ikiendelea hata siku usizoendesha, au mguu unaokanyagia breki ukipungua nguvu, acha usukani kwanza ukapimwe.