Kistari cha Kiingereza hufanya kazi ya ngeli zetu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi katika steshenari moja hapa Mwenge, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchapa barua za maombi ya kazi na matangazo ya nyumba kwa Kiingereza. Hivi karibuni nilimchapia mteja tangazo lililoanza hivi: "A two bedroom house, newly-painted and well-built". Mteja alilirudisha likiwa na wino mwekundu: vistari vyangu viwili amevifuta, na pale ambapo sikuweka kitu, kati ya "two" na "bedroom", ameweka kistari. Bosi wangu anashikilia kwamba maneno mawili yakieleza jambo moja lazima yaunganishwe, lakini mteja anasema inategemea yamekaa wapi. Nani kati yao ana haki, na je, ipo kanuni ambayo mtu anaweza kuishika?
*Msomaji, Mwenge*

JIBU: Marahaba. Mteja wako ana haki katika sehemu zote tatu, ingawa bosi wako naye hakulitoa wazo lake hewani. Ili kuona sababu, naomba tuanze na Kiswahili, kwa kuwa shida yetu na kistari hiki inatokana na jambo ambalo lugha yetu hulitenda vizuri kiasi kwamba hatulioni.

Tukisema "wamiliki wa biashara ndogo", kila msikilizaji anajua kwamba kilicho kidogo ni biashara. Tukisema "wamiliki wa biashara wadogo", udogo umehamia kwa wamiliki wenyewe, na kilichouhamisha ni kiambishi *wa-* peke yake. Kiingereza hakina upatanisho wa aina hiyo. Vivumishi vyake havibadiliki kufuata nomino, tena karibu vyote hupangwa mbele yake kama abiria kwenye foleni, hivyo msomaji anayekutana na "small business owners" anaweza kujiuliza kama ni biashara au ni watu walio wadogo. Mwandishi akiandika "small-business owners", kistari kimeyafunga maneno mawili ya kwanza yakawa fungu moja, na swali limekwisha. Vivyo hivyo, "old furniture dealer" anaweza kuwa mzee anayeuza samani mpya pale Keko, lakini "old-furniture dealer" ni mtu wa umri wowote anayeuza samani kuukuu. Na katika tangazo la kazi, "more qualified teachers" inaweza kumaanisha kwamba shule inataka kuongeza idadi ya walimu wenye sifa, ilhali "more-qualified teachers" ni walimu wenye sifa kuliko hawa waliopo. Kwa maneno mengine, kistari kinatenda kile ambacho kwetu hutendwa na viambishi vya ngeli. (Tusijivune kupita kiasi, maana nasi hukwama pale nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja: ukisikia "mtoto wa mwalimu mgonjwa", huwezi kujua nani apelekewe uji.)

Sasa ndipo hoja ya mteja wako kuhusu mahali inapoeleweka. Hatari ya kuchanganya ipo pale fungu linapotangulia nomino, kwa sababu macho ya msomaji bado hayajui ni neno gani linaambatana na lipi. Fungu likija baada ya nomino, na hasa likifuata kitenzi, hakuna tena kitu mbele yake cha kugombaniwa, kwa hiyo kistari hakihitajiki. Tunaandika "a well-known lawyer", lakini "the lawyer is well known". "A well-built house", lakini "the house is well built". Hiyo ndiyo sababu "well-built" ya tangazo lako, iliyokuja baada ya "house", ilifutwa. Hata hivyo, ukiikuta imeandikwa kwa kistari mahali kama hapo usishtuke, kwa sababu zipo kamusi zinazoorodhesha baadhi ya maneno haya na kistari chake, na wapo waandishi wanaoifuata kamusi popote neno linapokaa. Jihadhari pia na fungu lilelile linapokuwa si kivumishi: "a long-term loan" ni mkopo wa muda mrefu, lakini katika "in the long term" neno "term" ni nomino kamili na "long" ni kivumishi chake cha kawaida.

Kuhusu "newly-painted", hapa sababu ni nyingine kabisa. Vielezi vinavyoishia na *-ly* havihitaji kistari hata vikiwa mbele ya nomino, kwa kuwa kiishio hicho kimekwisha kumtangazia msomaji kwamba neno linaloeleza ni lile linalofuata. Ukuta hauwezi kuwa "newly", kwa hiyo "newly painted walls" haina utata wowote. Nimeona "newly-built" kwenye mabango mengi ya nyumba za kupanga jijini, na sidhani kama kuna mpangaji aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo. Lakini miongozo mikubwa ya uandishi wa Kiingereza inakubaliana kwamba kistari hicho ni cha ziada, na mteja anayelipia uchapaji ana haki ya kukidai kiondoke. Angalizo moja tu: si kila neno linaloishia na *-ly* ni kielezi cha namna hiyo. "Family" ni nomino, "friendly" ni kivumishi, na "early" hutumika kama kivumishi pia, kwa hiyo duka linalomilikiwa na familia ni "a family-owned shop" na basi la alfajiri ni "an early-morning bus".

Tuje kwenye vyumba viwili. Idadi ikiungana na nomino ili kueleza nomino nyingine, kistari huwekwa, na nomino ya katikati hubaki katika umoja: "a two-bedroom house", "a ten-year plan", "a 10,000-shilling note". Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa kuwa Kiswahili husema "mtoto wa miaka kumi" na "miaka" ikabaki katika wingi wake, nasi tunaubeba wingi huo hadi kwenye Kiingereza tukaandika "a ten-years-old boy". Sahihi ni "a ten-year-old boy", yenye vistari viwili na isiyo na *s*. *S* hiyo hurudi, na vistari huondoka, tunaposema "the boy is ten years old". Ikiwa nyumba zinazotangazwa ni za vyumba viwili na nyingine vitatu, si lazima kurudia neno zima: andika "two- and three-bedroom houses", ukiacha kistari cha kwanza kikining'inia kikisubiri mwenzake. Kinaonekana kama kosa la uchapaji, lakini ndiyo kanuni.

Kwa upande wa vipimo, kistari hufuata jina lililoandikwa kwa ukamilifu na si alama ya kipimo. Mfuko wa saruji ni "a 50-kilogram bag", lakini ukitumia alama unaandika "a 50 kg bag", kwa nafasi tupu, na huo ni utaratibu wa mfumo wa kimataifa wa vipimo wenyewe.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mfasiri. Kampuni yenye makao yake hapa jijini niiandike "Dar-es-Salaam-based company" au vipi? Na je, reli yetu mpya ni "Standard Gauge Railway" au "Standard-Gauge Railway"?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Jina la jiji liache lilivyo. Herufi kubwa zinatosha kuonyesha kwamba maneno hayo matatu ni jina moja, ndiyo maana "a Dar es Salaam court" haina kistari popote. Tatizo linaanza ukiongeza "based", kwa sababu kistari kimoja kinaonekana kuishika "Salaam" tu na kuziacha "Dar" na "es" zikielea. Mwongozo wa Chicago, unaotumiwa na wachapishaji wengi wa vitabu Marekani, umekuwa ukitatua jambo hili kwa deshi, ambayo ni ndefu kidogo kuliko kistari. Kwingineko wengi huridhika na kistari cha kawaida: "a Dar es Salaam-based company". Mimi, nikiwa na nafasi kwenye mstari, naandika "a company based in Dar es Salaam" na ninalala usingizi.

Kuhusu reli, tofautisha jina rasmi na maelezo ya kawaida. Mradi unajiita "Standard Gauge Railway", na jina rasmi hunakiliwa kama mwenyewe alivyolichagua. Lakini ukiieleza reli kwa upana wake wa milimita 1,435, ukilinganisha na ile ya zamani ya mita moja, unaandika kwa herufi ndogo "a standard-gauge line" na "a metre-gauge line", na vistari vinarudi kazini.

SWALI: Mbona kamusi ya baba yangu ina "ice-cream" na yangu ina "ice cream"? Kanuni zimebadilika?
*Mwanafunzi, Ubungo*

JIBU: Kilichobadilika ni tahajia ya nomino ambatani, si kanuni ya vivumishi tuliyoieleza hapo juu. Mwaka 2007, toleo la sita la Shorter Oxford English Dictionary liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000. Mengine yakatenganishwa, kama "ice cream" na "fig leaf", na mengine yakashikana, kama "bumblebee" na "crybaby". Hakuna kanuni itakayokuwezesha kukisia neno lipi limeangukia upande gani. Kwa nomino za aina hiyo fungua kamusi moja ya karibuni, uifuate hiyohiyo tangu ukurasa wa kwanza wa kazi yako hadi wa mwisho, na ile ya baba uirudishe kabatini.