Jibu: Nafasi ya anayeuguza katika usalama wa matibabu
Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama sisi tunaouguza ndugu zetu hapa Dodoma tunaweza kuchangia usalama wa matibabu, au kazi hiyo ni ya wataalamu peke yao. Tunaweza, tena sana. Shirika la Afya Duniani, katika Siku ya Usalama wa Mgonjwa ya tarehe 17 Septemba 2023, lilisisitiza hasa kuwashirikisha wagonjwa wenyewe. Wauguzi hupokezana zamu, lakini mama aliyetoka Kongwa au Bahi kumuuguza mwanawe hushinda naye, naye ndiye ajuaye kwamba dawa fulani iliwahi kumvimbisha uso, au kwamba tangu alfajiri mtoto hapumui kama jana. Asipoulizwa, taarifa hiyo hupotea. Nilipomuuguza baba niliona kidonge cha rangi tofauti nikanyamaza kwa woga, na sitaki mwingine anyamaze. Uliza jina la dawa na utaje mzio, yaani dawa au kitu ambacho mwili wa mgonjwa wako hukikataa. Kwa jambo linalojirudia, kama kuchanganywa kwa majina ya wagonjwa, kamati ya usimamizi ya zahanati au kituo cha afya ina wajumbe kutoka katika jamii: mpelekee mmoja wao kwa maandishi, lijadiliwe kikaoni.