Krenki ya Triumph 650: mtetemo hauishi, unahama tu

Mkuu, umesema pikipiki yako, Triumph Bonneville ya 1967, inakutia ganzi mikononi ikifika maili 60 kwa saa, na unauliza kama krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikisawazishwa mtetemo utaisha. Hautaisha. Pistoni zake mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo kwa krenki ni kama pistoni moja kubwa. Uzito wa flaiwili (gurudumu zito la krenki) unaozipinga unazunguka, lakini pistoni zinakwenda juu na chini tu. Uzito ukiwa mdogo, injini inaruka. Ukiwa mkubwa, inasukuma mbele na nyuma. Unachochagua ni fremu ipigwe upande gani.

Yangu niliiharibu kwa kumwachia fundi krenki bila kumtajia asilimia, yaani sehemu ya uzito wa pistoni inayopingwa na flaiwili. Akaweka 50, eti ndiyo ya injini zote. Mwezi haukuisha, bano la tangi likapasuka, na globu za taa ya nyuma nikanunua kama karanga. Kiwandani kwa Triumph, Meriden, Uingereza, 650 za miaka hiyo zilitoka na 85. Wala usiige namba ya jirani: pikipiki ya Norton Atlas ni 84, ila Norton Commando, kwa kuwa injini yake imekalia vipande vya mpira, ni 52.

Niliporudia nilifanya mwenyewe. Kwanza safisha mrija wa tope ulio ndani ya krenki, unaokusanya uchafu wa oili. Bolti moja ya flaiwili imeushika, itoe kwanza, la sivyo utavuta mpaka kesho. Tope langu lilikuwa gumu kama lami, na ukisawazisha nalo umesawazisha uchafu.

Kisha mizani. Konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ilaze sawasawa, ncha moja ining'inie kwa uzi, nyingine ikae kwenye mizani, halafu geuza. Upande mkubwa, pamoja na beringi na nati zake, unahesabiwa wote. Upande mdogo jumlisha na pistoni, ringi, pini na klipu, uchukue 85% yake. Jumla hiyo ndiyo uzito wa kufunga kwenye kila pini ya krenki, pale konrodi inaposhika. Ilaze krenki juu ya kingo mbili za chuma zilizonyooshwa kwa pima maji. Ikitulia popote unapoiachia, umemaliza. Ikijigeuza, upande unaoshuka ndio wa kutoboa, kidogo kidogo.

Mimi nilikwama hapo, maana fundi alishatoboa mno upande wa uzito. Kuziba mashimo kwenye kitu kinachozunguka kasi vile sikuthubutu. Ahueni ni kwamba flaiwili hizi zimefungwa kwa bolti tatu, nikapata nyingine kuukuu.

Sasa inatulia mpaka maili 65. Zaidi ya hapo vioo havionyeshi kitu, nyayo zinawasha.

Ila kabla hujapasua injini, kaza bolti zake za kwenye fremu na kishikizo cha kichwa cha silinda. Na kama ulichonga silinda, uliweka pistoni gani? Uzito wake ukibadilika, hesabu nayo inabadilika. Zangu mpya zilizidi za zamani kwa gramu 18 kila moja.