Dinosaria wa Crystal Palace waachwe tu

We uliyeuliza kwa nini wasibomoe yale masanamu ya dinosaria Crystal Palace, London kusini, eti kwa vile yamekosewa, mi nakataa kabisa. Mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins aliyatengeneza yakaonyeshwa 1854 na enzi hizo Iguanodon, mmoja wa dinosaria hao, alijulikana kwa vipande vipande tu vya mifupa, ndo maana kawekewa pembe puani kama kifaru, mpaka mifupa mizima ilipopatikana Ubelgiji kuanzia 1878 ndo ikaeleweka kumbe ile ni ncha ya kidole gumba cha mkono! Alafu sio wote dinosaria bana, dinosaria pale ni wanne tu, Iguanodon wawili, Megalosaurus na Hylaeosaurus, wengine ni reptilia wa baharini na wanyama wengine wa kale. Na tarehe 31 Desemba 1853 wakubwa wa sayansi walikula dina ndani ya moldi (kalibu la kutengenezea sanamu) ya Iguanodon, yani napenda sana hiyo stori. Jumba lenyewe la Crystal Palace, lile la vioo lililoipa sehemu hiyo jina, liliungua 1936, masanamu yakabaki, na tangu 2007 yako daraja la juu kabisa la majengo ya urithi Uingereza. Wazibe nyufa tu, pembe wasiiguse.