Apdeti ya Usiku Iliyoninyima Kazi ya Ihumwa

Jumatatu nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana mpima aliye Kongwa: "Kaka, tangu nifanye apdeti kontrola haishiki risiva. Bosi anasema nimeua mashine. Kesho tuna bikoni za kuweka, nisaidie." Kontrola ni kompyuta ndogo ya mkononi, risiva ni kipokezi cha satelaiti inachokiendesha, na bikoni ni alama za saruji za mipaka. Nimeusoma nikiwa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, nikasahau hata nilichofuata pale. Nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili, maana miaka michache iliyopita ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi.

Dodoma ilikuwa imeshatangazwa jiji, mwaka 2018 huo, na kila aliyeshika rova, ile risiva ya kutembea nayo kwenye fimbo, alikuwa na kazi. Mimi nikapata ya kwanza kwa jina langu: kukata shamba la mzee mmoja kule Ihumwa liwe viwanja. Mashine nilikodi. Usiku ule, nikiwa gesti Nzuguni, kontrola ikaleta taarifa kwamba kuna toleo jipya. Wi-Fi ya gesti ilikuwa inakimbia, nikabonyeza. Ikauliza kama nisasishe na programu ya ndani ya risiva, nikabonyeza tena. Nikalala kwa amani kabisa.

Saa moja asubuhi tuko saiti. Mzee wa Kigogo, fimbo mkononi, wajukuu wawili nyuma yake. Tukasalimiana "mbukwa", akasema, "Haya mwanangu, nionyeshe shamba langu linaishia wapi." Nikawasha risiva. Taa ya Bluetooth ikawaka buluu, ikatulia kama sekunde nne, ikaanza kupepesa. Kontrola ikaandika imeunganishwa. Halafu imekatika. Imeunganishwa. Imekatika. Mzee anatazama taa, ananitazama mimi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilishika kila kitu kwa pamoja: nikabadilisha antena ya redio, nikahamisha chaneli, mwisho nikarudisha risiva zote mbili kwenye mipangilio ya kiwandani. Saa saba mchana nikapata Fix, yaani rova inasema imeshika vipimo vya sentimita, nikashangilia, nikaweka bikoni sita haraka haraka kufidia muda. Nilichosahau ni kwamba beisi, risiva ya pili inayosimama pointi moja na kuisahihisha rova, nayo ilikuwa imefutwa. Haikuwa tena na kodineti, yaani namba za mahali, za pointi yake, ilijikadiria yenyewe ilipo. Fix ilikuwa ya kweli, mahali palikuwa pa uongo. Mteja alishachoka, akaita timu nyingine. Wakapima pointi yetu ya kuanzia, wakakuta nimehama karibu mita mbili. Mjukuu wa mzee akazing'oa bikoni zangu moja moja, saruji bado mbichi. Kiongozi wa timu ile hakunipa hata salamu. Mpaka leo nikipita barabara ya Morogoro, pale Ihumwa natazama upande wa pili.

Sasa nisikilize, wewe unayetaka kuishi kwa kazi hii. Mashine yako ina mawasiliano mawili yasiyohusiana. Moja ni Bluetooth, kati ya kontrola na risiva iliyo kwenye fimbo yako. La pili ni redio, kati ya beisi na rova. Kontrola isiposhika risiva, beisi haina kosa lolote, iache kabisa! Mimi nilipoteza saa sita kwa kutolijua hili, na cheti ninacho.

Bluetooth inayoshika na kuachia baada ya apdeti mara nyingi ni ufunguo. Vifaa viwili vikioanishwa, kila kimoja huhifadhi ufunguo wa siri. Kimoja kikifutwa ufunguo wake na kingine kikabaki na ule wa zamani, vitasalimiana na kukataana siku nzima. Nenda kwenye mipangilio ya kontrola, chagua kusahau kifaa, futa pia kumbukumbu ya upande wa risiva kama inaruhusu, zima, washa, oanisha upya. Namba ya siri kwa mashine nyingi ni 1234 au 0000. Ukishaoanisha, rudi ndani ya programu ya upimaji uichague risiva tena, kwa sababu programu inaweza kuwa bado inatafuta ile ya zamani.

Kama kontrola yako ni ya Android, tazama ruhusa. Kuanzia Android 12 programu inahitaji ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Matoleo ya nyuma yalidai ruhusa ya mahali ndipo itafute Bluetooth. Apdeti ikiuliza upya na wewe una haraka, kidole kinabonyeza kukataa na hata hukumbuki. Zima pia Bluetooth ya kontrola nyingine na ya simu ya msaidizi wako, huenda mojawapo imeshaishika risiva.

Redio ikikaa kimya, linganisha beisi na rova: masafa, itifaki, kasi ya hewani kama ni 9600 au 19200, na nafasi ya chaneli, 12.5 au 25 kHz. Kimoja tu kikitofautiana, rova haisikii kitu. Ndiyo maana nasema piga picha kila ukurasa wa mipangilio kabla ya kusasisha. Piga na ukurasa wa kodineti: Arc 1960, ule mfumo wa kodineti, na zoni yake, yaani kanda ya ramani. Jiji la Dodoma liko zoni 36, ninyi wa Kongwa mko 37, na mashine iliyofutwa haijui hilo.

Na apdeti fanya Ijumaa jioni kazi ikiisha, ukiwa na siku mbili za kujaribu nyumbani. Usiku wa kuamkia saiti, hata ikikubembeleza, iache. Tunapenda vitu vipya, vijana wenzangu, lakini yule mzee hakuja kuangalia toleo jipya. Alikuja kuona mpaka wa shamba lake. Kabla ya bikoni ya kwanza, simamisha rova juu ya pointi inayojulikana usome namba. Dakika tano tu, nami nilizikosa.

Kijana wa Kongwa ameniandikia tena jana jioni. "Ilikuwa ruhusa, kaka. Tumeweka bikoni 14, zote tumezirudia zimekubali. Bosi hajasema kitu."