Kabla hujamwomba mpigapicha wa harusi apunguze bei

"Ni siku moja tu, mbona bei yote hiyo?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi sana, na sijawahi kumkasirikia anayeuliza. Yeye anamwona mtu amekuja asubuhi na begi, amepiga picha, usiku ameondoka. Akigawanya bei kwa saa alizomwona, lazima ashangae. Lakini kazi aliyoiona ni kipande kidogo cha ile anayoilipia. Asiyeijua iliyobaki, bajeti ikibana, hukata mahali ambapo baadaye patamuuma.

Nami nilianza na bei ya chini. Nilikuwa na kamera moja inayotumia memori kadi moja, lenzi mbili, na flashi ya kuazima. Harusi ya nne, kadi ikagoma. Nilipoichomeka kwenye kompyuta usiku ule ilionekana tupu. Kwa programu ya kuokoa mafaili nilipata baadhi ya picha za maandalizi na nyingi za ukumbini, lakini za kiapo na za kuvishana pete sikupata. Nilikwenda kuwaeleza maharusi ana kwa ana. Bibi harusi aliniuliza neno moja: "Hata moja?" Niliwarudishia fedha yao yote, na bado nilitoka pale nikijua sijawalipa kitu.

Tangu hapo nabeba kamera mbili, na kila moja huandika picha ileile kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Gharama inaanzia hapo. Halafu kuna lenzi. Sehemu nyingi za ibada zina mwanga hafifu, na mara nyingi flashi hairuhusiwi, kwa hiyo unahitaji lenzi yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, lenye kipimo cha f/2.8 au namba ndogo zaidi (namba ikipungua, tundu linapanuka). Lenzi moja ya aina hiyo inaweza kufikia bei ya kamera yenyewe, na harusi haipigwi kwa lenzi moja.

Tena kamera huchakaa kwa kupiga. Watengenezaji huipima shata, yaani pazia dogo ndani ya kamera linalofunguka na kujifunga kila unapopiga, kwa idadi ya picha: Canon EOS 5D Mark IV ilipimwa kwa picha 150,000, Nikon D850 kwa 200,000. Harusi ya kutwa nzima hunipa picha 3,000 hivi. Gawanya: ni harusi 50 kwa kamera ya kwanza, 66 kwa ya pili. Shata haifi siku inapofika idadi hiyo, ila kuanzia hapo unafanya kazi na roho mkononi. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina shata ya kielektroniki isiyochakaa namna hiyo, lakini chini ya baadhi ya taa za LED inaweza kuchora mistari kwenye picha, kwa hiyo ukumbini mara nyingi narudi kwenye shata ya kawaida. Ndiyo maana katika kila malipo ninayopokea kuna fungu la kununua kamera ijayo. Asiyeliweka kando atakuja kwako na kamera iliyochoka.

Hayo ni ya vifaa. Kinachokula zaidi ni muda, na huo hakuna mgeni anayeuona.

Nikirudi na picha 3,000, kwanza nazichambua. Picha ya familia yenye watu kumi na wawili naipiga mara saba au nane, maana lazima mmoja afumbe macho, na kazi yangu ni kuitafuta ile ambayo wote wametulia. Nikimaliza hubaki kama 600. Kila moja nikiipa dakika mbili za kurekebisha rangi na mwanga, ni dakika 1,200, yaani saa 20. Na dakika mbili ni kwa picha tulivu. Taa ya ukumbi ikiwa ya njano, dirisha likaleta mwanga wa bluu, taa za jukwaa zikamwaga zambarau usoni, picha moja inaweza kula robo saa mpaka ngozi ya mtu irudi kuwa ngozi yake. Siku moja harusini, kwangu, ni siku nne au tano mezani, na albamu bado haijaguswa. Hata programu za kuhariri zina bili yake: tangu 2013 matoleo mapya ya Photoshop hayanunuliwi mara moja yakawa yako, unayalipia kila mwezi au mwaka.

Ukimwambia mpigapicha "nipe zote bila kuhariri, upunguze bei," unamwomba fundi cherehani akukabidhi kitambaa kilichokatwa kabla hakijashonwa. Wengi watakataa, nami nakataa.

Picha pia zinahitaji pa kulala. Faili ghafi moja, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, likiwa na megabaiti 30, harusi moja ni gigabaiti 90. Mimi huweka nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo ninalofanyia kazi, basi ni gigabaiti 270 kwa harusi moja. Weka na usafiri, kodi, bima, na mpigapicha wa pili anayelipwa hata kama nimepata hasara.

Sasa, ukitaka kupunguza gharama kwa haki, punguza saa. Saa mbili za mwisho za muziki mara nyingi hutoa picha zinazofanana. Albamu inaweza kusubiri mwaka ujao. Uliza kama siku za katikati ya wiki zina bei tofauti. Usikate nakala za akiba, wala mpigapicha wa pili kama bwana harusi na bibi harusi wanajiandaa sehemu mbili tofauti.

Kabla ya kulipa kishika nafasi, yaani malipo ya awali ya kushikilia tarehe yako, mwombe akuonyeshe harusi moja nzima, mwanzo hadi mwisho. Picha ishirini bora kila mtu anazo. Muulize usiku wa harusi picha zako zitakuwa kwenye vifaa vingapi, na akiugua nani atakuja. Aliyewahi kuyafikiria hayo atajibu papo hapo. Kishika nafasi mara nyingi hakirudishwi, kwa sababu tarehe hiyo ameshawakatalia wengine. Soma mkataba unasema nini harusi ikiahirishwa.

Jambo moja huwashtua wengi: katika nchi nyingi hakimiliki ya picha hubaki kwa mpigapicha, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi. Wewe unapata haki ya kuzitumia. Kama hutaki sura zenu zitumike kutangaza kazi yake mtandaoni, mwambie mapema, na liandikwe.

Muulize pia atazitunza kwa muda gani. Mimi ni miaka miwili, na imo kwenye mkataba. Siku utakayokabidhiwa picha, zinakili sehemu mbili tofauti kabla hujaanza kuwatumia ndugu.