Manunuzi endelevu kwa halmashauri ndogo: pa kuanzia

Ndugu, umeuliza halmashauri ndogo yenye maofisa ununuzi wawili tu itawezaje kuanza manunuzi endelevu, yaani kununua kwa kuzingatia mazingira, jamii na gharama za muda mrefu, bila kuajiri mtaalamu. Kwa maoni yangu, msianze na sera ndefu. Anzeni na zabuni moja inayojirudia kila mwaka, kama ya taa za ofisini, na mbadilishe namna ya kulinganisha bei. Balbu ya zamani ya waya unaong'aa hudumu takriban saa 1,000, ilhali ya LED hufikia saa 15,000 au zaidi na hutumia umeme kidogo sana. Anayetazama bei ya kununulia peke yake ataichagua ile ya kwanza, na gharama ya umeme na ya fundi wa kuibadilisha kila mara italipwa kimyakimya kutoka kifungu kingine cha bajeti. Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa, nami nasisitiza: mara nyingi anayenunua siye anayelipa bili.

Wekeni gharama ya maisha yote ya kifaa, pamoja na namna ya kuikokotoa, ndani ya nyaraka za zabuni kabla ya kuitangaza, maana kigezo kinachoongezwa baadaye huzaa rufaa. Mwongozo wa kimataifa wa manunuzi endelevu, ISO 20400 wa mwaka 2017, utawasaidia, ingawa si wa kutolea cheti. Kuhusu udogo wa oda zenu, unganeni na halmashauri jirani mnunue kwa pamoja. Wazabuni huvutiwa na oda kubwa, na kazi ya kuandika vigezo mtagawana.